Bwana Grant na Kisanduku cha Rangi

Penye mji wa Mwanza, ufuoni mwa ziwa kuu la Nyanza, pana majabali makubwa yaliyopandana moja juu ya jingine, hata mgeni akiyaona hudhani yamepangwa na mikono ya majitu. Wakati wa kiangazi mawe hayo huwa na rangi ya majivu, na nyasi zilizo kati yake huwa kama ngozi ya simba. Mvua zikinyesha, mawe hung'aa meusi, nyasi hurudi ukijani, na maji ya ziwa hugeuka rangi mara nyingi katika siku moja. Wasukuma, Wakerewe, Wazinza na jirani zao waliyajua hayo yote tangu zama za mababu. Lakini watu wa Ulaya hawakuwa na habari za ziwa hilo ila kwa uvumi wa wafanya biashara.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza aitwaye John Hanning Speke alipanda kilima karibu na Mwanza, akaliona ziwa limetanda mbele yake pasipo mwisho. Pamoja naye alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni, akapelekwa Bara Hindi, akarudi akawa kiongozi hodari wa misafara. Mwenziwe Speke, Richard Burton, alikuwa hawezi, amebaki Tabora. Speke mwenyewe macho yake yalikuwa yamedhoofika kwa ugonjwa, wala hakuwa na chombo cha kulizunguka ziwa. Akakaa siku chache tu, akarudi. Moyoni alikuwa na hakika kwamba maji ya mto Nile hutoka humo. Lakini Burton hakukubali, na wenye elimu wa Ulaya wakataka ushahidi.

Basi ikaamriwa Speke arudi tena kutafuta ushahidi huo. Safari hii akamchukua rafiki yake wa siku nyingi, mtu mpole wa maneno machache, ambaye hupenda kukaa na kutazama kitu mpaka akijue. Mtu huyo ni James Augustus Grant, na habari zake ndizo hizi.

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji wa Nairn, pwani ya kaskazini ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la mji huo. Nchi hiyo ni ya baridi, na katika siku za baridi jua huchelewa kutoka na kuwahi kuzama. Lakini kiangazi kikifika nuru hukaa mpaka usiku, na maua ya porini huchanua kwa wingi. Grant akasoma shuleni, kisha akaingia chuo cha Aberdeen, akajifunza hesabu na elimu ya mimea. Alipopata miaka 19 alikwenda Bara Hindi kuwa askari, na huko ndiko alikojuana na Speke. Wote wawili walikuwa wawindaji, na urafiki wao haukuvunjika mpaka kufa.

Mwaka 1857 palikuwa na vita vikali Bara Hindi. Katika kuuokoa mji wa Lucknow Grant alijeruhiwa vibaya mkononi, akarudishwa kwao kuuguzwa. Mtu mwingine angaliona kwamba siku zake za kazi zimekwisha. Lakini Speke alipompa habari za safari ya Nyanza, Grant hakusita. Mkono wake ulikuwa na kovu, walakini uliweza bado kushika kalamu na brashi.

Mwezi wa Agosti 1860 wakafika Unguja, na mwanzo wa Oktoba wakaondoka Bagamoyo pamoja na msafara mkubwa wa wapagazi na askari. Katika mizigo yao palikuwa na chombo cha kupigia picha, na kazi hiyo alipewa Grant. Siku hizo kupiga picha hakukuwa jambo jepesi. Ilimpasa mpigaji kujifungia katika hema dogo la giza, na humo kuvipaka vioo dawa, kisha kuviosha. Jua la Afrika liliufanya ubwabwa wa moto ndani ya hema hiyo, na Grant akawa anatoka humo amelowa jasho, hana nguvu. Speke alipoona hivyo aliogopa kwamba joto litamwua rafiki yake. Basi chombo kile kikarudishwa pwani kabla hawajafika mbali, na badala yake Grant akashika penseli, karatasi na kisanduku cha rangi za maji.

Yafaa kueleza kidogo kazi ya rangi za maji, kwa kuwa ni kazi ambayo hata mtoto mdogo aweza kuianza, lakini hata mtu mzima haimalizi. Rangi husagwa zikawa unga laini, zikachanganywa na gundi ya mti, zikakaushwa zikawa vipande vidogo kama vipande vya sabuni. Mchoraji hulowesha brashi, huigusisha na rangi, kisha huipitisha juu ya karatasi. Rangi hizi hazifuniki karatasi kama chokaa ifunikavyo ukuta. Nuru hupenya ndani yake, na weupe wa karatasi huonekana kwa chini. Kwa hiyo mchoraji akitaka wingu jeupe au mng'ao wa maji, hapaki kitu mahali pale. Huacha karatasi ilivyo. Huanza na rangi hafifu, hungoja ikauke, kisha hutia iliyokolea. Asipongoja, rangi mbili hukimbiliana zikawa tope, wala hapana njia ya kulifuta.

Tena kazi hii ina majira yake. Katika kiangazi rangi hukauka kabla brashi haijafika upande wa pili, na mchoraji hana budi kufanya haraka. Wakati wa masika karatasi hunyonya unyevu wa hewa, rangi hukawia kukauka, na ukungu huweza kuota juu ya picha zilizofungwa sandukuni. Ndiyo maana watoto wafundishwapo kazi hii, neno la kwanza si jinsi ya kushika brashi, bali ni kutazama hewa na kungoja. Na katika kungoja hapana aliyemshinda Grant.

Mwezi wa Januari 1861 msafara ulifika Tabora. Huko palikuwa na vita na njaa, wapagazi wengi wakatoroka, na safari ikakwama. Speke akawa anakwenda huku na huku kutafuta watu, na Grant akaachwa kulinda mizigo katika nchi ya Ukuni, kwa mfalme aitwaye Ukulima. Akakaa huko zaidi ya miezi mitatu. Mtu mwenye pupa angaliziona siku hizo kuwa hasara tupu. Grant alizitumia kutazama maisha ya Wanyamwezi: jinsi wanavyovuna na kupura mtama, jinsi wanawake wanavyotwanga, jinsi wahunzi wanavyofua majembe, jinsi wazee wanavyokutana katika nyumba ya wanaume kuzungumza. Hayo akayaandika, na mengi akayachora. Aliokota maua na majani, akayakausha kati ya karatasi, akaandika mahali alipoyapata na matumizi yake kwa wenyeji. Kwa njia hiyo mimea mingi ya nchi hiyo iliandikiwa si sura yake tu, bali na faida zake, kama watu wa nchi walivyomweleza.

Mwezi wa Septemba, alipokuwa njiani kumfuata Speke kaskazini, msafara wake ulishambuliwa na watu wa mtemi Myonga. Wapagazi wakatupa mizigo wakakimbia, na vitu vingi vikatekwa. Baadaye sehemu tu ikarudishwa. Grant alibaki karibu peke yake na mali iliyotawanyika. Lakini hakuacha kazi yake. Alikusanya yaliyosalia akaendelea na safari.

Mwisho wa Novemba 1861 wasafiri hao wawili wakafika Karagwe, nchi ya vilima vya nyasi iliyo magharibi ya ziwa. Mfalme wa huko, Rumanika, alikuwa na makao yake Bweranyange. Aliwapokea kwa wema ambao hawajauona tangu kuondoka pwani. Hakudai hongo kama wafalme wengine. Aliwapa chakula, akakaa nao kuzungumza juu ya nchi, milima na maziwa. Alifurahi kuonyeshwa vitabu vyenye picha za ndege na wanyama. Katika maziwa madogo ya nchi hiyo, ndani ya mafunjo, alikuwamo nzohe, mnyama mwenye kwato ndefu za kutembelea matopeni, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa hawajamwandika. Baada ya safari hiyo, mwaka 1863, alipewa katika elimu jina la Speke.

Huko Karagwe ndiko msiba ulikompata Grant. Mguu wake wa kuume ulianza kukakamaa na kuvimba juu ya goti. Uvimbe ukapasuka ukawa donda kubwa, usaha ukatoka siku kwa siku, na maumivu yakamzuia hata kugeuka kitandani. Dawa za namna nyingi zilijaribiwa, za wageni na za wenyeji, zisifae. Wako madaktari wa siku hizi wanaodhani kwamba ugonjwa huo ndio ule uitwao sasa donda la Buruli, kwa jina la mahali katika Uganda, nao husababishwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Siku hizo hapana aliyeujua.

Mwezi wa Januari 1862 wakaja wajumbe wa Mutesa, Kabaka wa Buganda, kuwaita wageni. Ilikuwa si desturi kumruhusu mgonjwa kuingia nchi hiyo, na Grant hakuweza hata kusimama. Basi Speke akaenda, na Grant akabaki kibandani mwake, mbali na kwao, mbali na rafiki yake, bila kujua kama atatembea tena.

Alikaa hivyo miezi mitatu. Rumanika hakumsahau, alimzuru, na wanawe pia wakawa wanakuja kumtazama mgonjwa na vitu vyake. Siku nyingi ilikuwa mvua. Wingu lilishuka juu ya vilima, likainuka, na vilima vikatokea kijani kuliko jana. Grant alipopata nafuu kidogo, alisikiliza na kutazama yaliyopita mbele ya mlango wake, akayatia katika kitabu. Aliandika habari za nanga, kinanda cha nyuzi kipigwacho huko Karagwe, na habari za ng'ombe wenye pembe ndefu, na za mavazi na ngoma. Watu walimletea mimea, naye akaitunza. Hivyo mtu asiyeweza kwenda hatua kumi akaijua nchi kuliko wengi walioipita kwa miguu mizima.

Tarehe 14 Aprili 1862 akaondoka Karagwe, naye bado hawezi kutembea. Akachukuliwa kwa machela, mabegani mwa watu, katika njia za matope na mabonde yaliyojaa maji. Ukavukwa mto Kagera, na katika safari hiyo, upande wa magharibi, macho yake yakaliona ziwa kwa mara ya kwanza. Speke aliliona kwa Mwanza akiwa na miguu mizima na macho mabovu. Grant akaliona akiwa na macho mazima na mguu mbovu. Mwisho wa Mei akafika kwa Mutesa, akakutana na rafiki yake.

Likabaki jambo moja, kuu kuliko yote, nalo ni kuona mahali mto utokapo ziwani. Mwezi wa Julai 1862 waliondoka pamoja kwa Mutesa. Njiani Speke akaamua kwamba yeye aende mbio mpaka mtoni, na Grant atangulie na watu, ng'ombe na mizigo kwenda kwa Kamrasi, mfalme wa Bunyoro, kwa kuwa mguu wake usingeweza mwendo wa haraka. Grant akakubali. Tarehe 28 Julai Speke akasimama penye maporomoko ambayo wenyeji waliyaita Mawe, karibu na Jinja ya leo, akayapa jina la Ripon. Grant, aliyetembea kutoka pwani, aliyeibiwa, aliyelala miezi mingi kwa uchungu, hakuwapo. Mahali pale penye sifa kuliko pengine pote, brashi yake haikupachora.

Watu wengi baadaye walisema kwamba Grant alidhulumiwa. Yeye mwenyewe hakupata kulalamika. Hakumshitaki Speke kwa maneno wala kwa maandiko, wala hakutafuta kujipatia sifa ya rafiki yake. Hilo si jambo dogo, maana vinywa vingi vya wasafiri wa zamani hizo vilijaa matusi ya wao kwa wao.

Wakashuka kufuata mto, na mwezi wa Februari 1863 wakafika Gondokoro, na mwezi wa Juni wakawa wamerudi Uingereza. Speke akatoa kitabu cha safari, na picha zake nyingi zilichongwa kwa kufuata michoro ya Grant. Kwa picha hizo watu wa Ulaya waliona nyumba, mashamba na baraza za wafalme wa nchi za ziwa, ambazo mpaka siku hizo walizisikia kwa masimulizi tu. Lakini kitabu kilichapwa kwa wino mweusi. Rangi zote zilibaki katika karatasi za Grant. Mwaka 1864 Grant naye akatoa kitabu chake, akapewa nishani ya dhahabu ya chama cha elimu ya nchi huko London.

Mwaka huo huo, tarehe 15 Septemba, Speke akafa kwa bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda, siku moja kabla ya kushindana na Burton mbele ya watu juu ya habari za Nile. Mbishi mmoja akafa, na ubishi ukabaki. Wengine walisema Nyanza si ziwa moja, bali ni maziwa madogo mengi. Grant akashika upande wa rafiki yake miaka yote, kwa upole, bila kuyumba.

Ushahidi ukatoka kule kule ulikoanzia. Tarehe 8 Machi 1875 Henry Stanley alishusha mashua majini Kagehyi, kijiji kilicho ufuoni mashariki ya Mwanza, akalizunguka ziwa lote kwa majuma kama manane. Akaona kwamba ni ziwa moja kubwa, na mto mkubwa utokao ni ule ule alioutaja Speke. Grant aliishi kuisikia habari hiyo.

Katika miaka ile ile mimea aliyoikusanya iliandikwa na wataalamu, na kati ya 1872 na 1875 ikatolewa pamoja na picha zaidi ya 100. Mwaka 1872 swala mmoja mzuri wa mbuga za Afrika ya Mashariki akapewa jina lake, naye aitwa swala wa Grant mpaka leo. Grant mwenyewe alirudi mji wa Nairn alikozaliwa, akafa huko tarehe 11 Februari 1892, amepata miaka 64.

Maporomoko ya Ripon, ambayo Grant hakuyaona, hapana awezaye kuyaona sasa. Mwaka 1954 bwawa la umeme lilipokamilika huko Jinja, maji yakapanda yakayafunika mawe yote. Lakini karatasi za Grant ziko bado, zimetunzwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Juu yake wamo watu waliokwisha kufa zamani, na majani yaliyonyauka zaidi ya miaka 150 iliyopita, na rangi walizokuwa nazo.

Mvua za masika zikiisha Mwanza, hewa huwa safi, vumbi halijaanza kuruka, na vilima vya ng'ambo huonekana karibu kana kwamba mtu angevigusa. Siku hizo mtoto akiwa na brashi, maji katika kikombe na rangi mbili tatu, aweza kuketi juu ya jabali na kuanza. Yampasa atazame kwanza mpaka aone kwamba jiwe lile la majivu lina ndani yake zambarau, manjano na buluu. Kisha atie rangi hafifu, angoje. Akilazimika kukaa kwa sababu ya ugonjwa, au akiachwa nyuma wenziwe wakienda mbele, asidhani kwamba siku yake imepotea. Mlango mmoja wa kibanda ulimtosha Grant kuiona nchi nzima.